Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kwa Nini Hatukupanda Miti Biebrza

Ndugu wanachama,

Kwa niaba ya kamati nawasalimu, mliofika ukumbini na mlio mbali mtakaoisoma taarifa hii kwenye simu. Hesabu atazisoma mweka hazina mwenyewe. Wanachama tumeongezeka kidogo, wengi wao vijana wa vyuo hapa Białystok, Poland, na ziara zetu ndani ya mkoa wa Podlasie zimeendelea bila tatizo la kutajwa.

Jambo lililokula muda mwingi wa vikao ni pendekezo la kupanda miti. Sote tumekulia kwenye "kata mti, panda miti", na wanachama wetu kutoka Kenya walilijua jina la Wangari Maathai kabla hajapewa Nobel mwaka 2004. Basi wazo la chama kununua miche na kwenda kuipanda kandokando ya mto Biebrza lilipokelewa kwa makofi. Kamati ikalikataa. Najua wapo walioudhika, na wana haki ya kuelezwa sababu.

Hifadhi ya Taifa ya Biebrza, iliyoanzishwa mwaka 1993, ndiyo kubwa kuliko zote Poland, karibu kilomita za mraba 592. Thamani yake kubwa iko kwenye uwazi wake: eneo pana la nyasi za jamii ya ndago zilizosimama kwenye maji ya kina kifupi, juu ya mabaki ya mimea yaliyolundikana kwa maelfu ya miaka bila kuoza sawasawa kwa sababu maji yanazuia hewa. Humo ndimo anamotaga wodniczka, ndege mdogo wa gramu 12 hivi, mwenye michirizi ya manjano na nyeusi kichwani. Sehemu kubwa ya wodniczka waliobaki duniani huzaliana Poland, na wengi wao ni hapa Biebrza. Dume hana habari na malezi. Jike hulea peke yake, kiota kikiwa chini kabisa kati ya mashina ya ndago. Mierebi, mibetula (miti ya nchi za baridi) na matete vikiingia, ndege huyo anahama. Mti kwake ni adui.

Zamani miti haikupata nafasi kwa sababu wakulima walifyeka. Kila kiangazi waliingia kinamasini na miundu mirefu, wakalundika nyasi kwenye nguzo zilizosimikwa, kisha wakangoja baridi igandishe maji ndipo wazibebe kwa magari ya kuteleza juu ya barafu. Trekta zilipokuja zikawa zinazama, ng'ombe wakapata malisho kwingine, na kinamasi kikaachwa. Kwa hiyo tunachokililia leo kama pori la asili kilitunzwa pia na jasho la watu. Mashirika ya ndege sasa yanafyeka kwa ratrak, mashine za minyororo zilizoundwa kusawazisha theluji milimani, na wakulima wanaosubiri hadi katikati ya Agosti, makinda yakisharuka, hulipwa ruzuku. Mimi binafsi siipendi sana ratrak, kwa sababu hulaza vichuguu vya nyasi na kuacha uwanja sare. Lakini eneo ni kubwa, na miundu yetu peke yake haiwezi kulimaliza.

Mikono yetu inafaa pale mashine isipoweza kuchagua. Walioshiriki kazi ya vuli wanakumbuka tulivyofundishwa kutofautisha aina mbili za mibetula. Ule unaovamia hurefuka na kuwa mti kamili. Mwingine, brzoza niska, ni kichaka tu, mara nyingi hakikufikii kifuani. Majani yake ni ya mviringo na madogo kama sarafu, na vitawi vichanga vina chunusi za utomvu unazozisikia kwa kidole. Huo ni mabaki ya enzi ya barafu na unalindwa kisheria. Wa kwanza unakatwa, wa pili hauguswi. Basi tuliinama kila kichaka, tukapapasa vitawi kwanza.

Hata hivyo, kufyeka bila maji ni kazi bure. Mifereji iliyochimbwa karne ya 19 inaendelea kunyonya bonde, na mboji, yaani yale mabaki ya mimea, ikikauka huoza, hushuka na kushika moto. Aprili 2020, baada ya majira ya baridi yasiyo na theluji, ziliungua zaidi ya hekta 5,000, karibu sehemu ya kumi ya hifadhi. Aprili 2025 moto ukarudi, hekta zipatazo 450. Ndiyo maana kamati imeandika barua kuunga mkono kazi za kuziba mifereji, ingawa baadhi ya majirani zetu wenye mashamba hawafurahii. Hofu yao ya mashamba kujaa maji si ya kudharauliwa.

Baadhi yenu mtauliza: mbona kule Białowieża tulisema msikate? Kwa sababu ule ni msitu, na uhai wake uko kwenye miti iliyokufa. Kigogota wa vidole vitatu hula wadudu walio chini ya magome ya miti inayokufa. Serikali ilipoongeza ukataji, hoja yake ikiwa mdudu kornik anayeua miti, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua Aprili 2018 kwamba sheria imevunjwa. Nyati wa Ulaya, aliyetoweka porini huko mwaka 1919 na kurudishwa porini mwaka 1952, naye anaendelea vizuri. Ukuta wa mpakani uliojengwa mwaka 2022 unawaathiri yeye na linksi (paka mkubwa wa mwituni), na huo chama chetu hakina ubavu wa kuuondoa.

Bonde la Rospuda ninalitaja kwa sababu moja: ua dogo la okidi liitwalo miodokwiat krzyżowy, ambalo nchini kote limebaki hapo tu. Barabara ya kuuzunguka mji wa Augustów ingepita katika bonde hilo, lakini baada ya maandamano ya mwaka 2007 na kesi mahakamani, ilipelekwa upande wa kijiji cha Raczki.

Kwa mwaka ujao kamati inapendekeza nguvu zetu ziende Biebrza, pamoja na kazi ndogo ya derkacz, ndege wa mashamba ya nyasi anayekesha akikoroma mwezi Mei na kwenda kwetu Afrika Mashariki na Kusini baridi ikikaribia. Tutawatembelea wakulima na ombi moja: waanze kufyeka katikati ya shamba wakielekea pembeni, ili makinda yapate pa kukimbilia. Wanaojua Kipolandi vizuri wajiandikishe kwa katibu leo.

Kuhusu fedha: tunaomba idhini ya kununua miundu na mabuti ya mpira yafikayo mapajani. Fedha za miche zilizochangwa zitarudishwa kwa kila aliyetoa, labda mwenyewe aseme zihamishiwe kwenye mabuti. Kura itapigwa baada ya chai.