Gari ndogo za spoti msizitie kapu moja na za matajiri

Ndugu Mhariri,

Assalaam alaykum. Nimeisoma ile makala yenu ya kwamba gari mpya za spoti bei zake zimepaa na hazina thamani tena ya pesa zinazoombwa, na mwandishi wenu kasema kweli lakini nusu. Kazitia gari zote kapu moja, ya mtu wa kawaida na ya tajiri, na hapo ndo mie siko nae kabisa.

Chukua Mazda MX-5, kile kigari chepesi cha watu wawili ambacho Japani kilianza kwa jina la Eunos Roadster. Ilipotoka 1989 Marekani ilikuwa ikiuzwa kama dola 13,800, injini lita 1.6, nguvu za farasi 116, na uzito haufiki tani moja. Leo mpya inaanzia dola 30,000 hivi, na mtu akiona hivyo tu anashika kichwa anasema bei imezidi mara mbili. Lakini dola ya 1989 sio dola ya leo jamani! Zile 13,800 ukizipiga hesabu kwa pesa ya sasa zinafika 35,000, maana yake gari imeshuka bei, na juu ya hapo imepata farasi 181 kwa zile za Marekani, na breki za kisasa na mabegi ya hewa, na bado uzito ni tani moja na kidogo tu. Toyota 86 hali kadhalika, hii Toyota waliitengeneza pamoja na Subaru ikatoka 2012, Marekani ilianza kama dola 24,000 na farasi 200, ya sasa GR86 ni 30,000 hivi na farasi 228, na miaka yote hio kila kitu duniani kimepanda. Sasa hapo ghali iko wapi?

Zilizopanda kweli ni zile kubwa. Nissan GT-R, toleo la R35, ilianza Japani 2007, Marekani 2008 ikauzwa kama dola 70,000, na walipoacha kuitengeneza 2025 ilikuwa ishapita 120,000. Na ni gari ile ile, bodi ile ile, walikuwa wanaongeza farasi tu kutoka 480 mpaka 565 na kubadilisha hichi na kile, hata ukitoa kupungua kwa thamani ya dola bado inabaki pesa nyingi ambayo mnunuzi hakuona imekwenda wapi. Ferrari nao, 2023 walipeleka kwa wateja gari 13,663, 2024 wakapeleka 13,752, yaani tofauti haifiki hata mia, lakini faida ya 2024 ikapita yuro bilioni moja na nusu, ikiwa imekua kwa zaidi ya asilimia 20. Gari ni zile zile kwa idadi, kilichozidi ni kile anacholipa kila mteja, mara rangi ya peke yake, mara ngozi ya peke yake, mara toleo maalumu la gari chache. Mwenye pesa zake afanye anavotaka, simzuii, lakini hio sio sababu ya kumwambia kijana kwamba gari ya spoti ni upuuzi.

Na hebu tuseme ukweli wa barabara. Gari ya farasi 565 inafika kilomita 100 kwa saa katika sekunde tatu hivi, utaipeleka wapi hapa? Unguja ukitoka mjini kwenda Paje ukifika Jozani kuna matuta, yamewekwa ili kima punju wasikanyagwe, na hata huko Ulaya mtu haruhusiwi kuzitumia hizo nguvu isipokuwa sehemu chache sana. Lakini chukua kigari chepesi, gia za mkono, ukishike njia ya Chake kwenda Mkoani huku kwetu Pemba, vilima na kona, kona na vilima, kwa mwendo wa heshima tu, unaisikia gari kwenye usukani na kwenye kiti, unapunguza gia kabla ya kona, inaingia, inatoka, na roho inafurahi wala hujamuhatarisha mtoto wa skuli anaetembea pembeni. Thamani ya gari ya spoti ndo hio! Haipimwi kwa farasi, na khasa haipimwi kwa skrini kubwa ilobandikwa kwenye dashibodi.

Najua wengi watasema haya yanatuhusu nini sisi, nani Pemba anaenunua gari mpya. Yanatuhusu sana. Altezza ambayo vijana wetu wanaipenda Toyota waliianza 1998 wakaiacha 2005, ilifika kwetu kwa sababu kuna Mjapani aliingia shorumu akailipia mpya, akaitunza, kisha akaiuza. Mtumba wetu wa kesho ndo mpya wao wa leo. Wakiambiwa kila siku kwamba hizi gari hazina thamani wakaacha kununua zile ndogo, kampuni zitabaki kutengeneza za mabilionea na hizo haziji bandarini Malindi, Unguja, ng'o, na hata zikija nani atazilipia ushuru, spea atatoa wapi, na fundi gani wa gereji zetu atathubutu kuzifungua. Za zamani nazo zinakwenda, Wamarekani sheria yao inawaruhusu kuingiza gari ya nje ikishatimiza miaka 25, na tangu Nissan Skyline, toleo la R32, ilipofika umri huo 2014 wanazifuata Japani kwenye minada ile ile tunayonunulia sie, na bei zake zikapanda sana.

Kwa hio naomba gazeti lako lirudi tena kwenye jambo hili, na safari hii muandike habari za MX-5 na GR86 peke yao, bei yake, mafuta yanavyotumika, spea, na ushuru wake mpaka itoke bandarini, kwa sababu vijana wanaouliza wapo wengi na majibu wanayapata kwa madalali tu.

Ni mie msomaji wenu,
Chake Chake, Pemba