Wakili wangu wa bure, nina karatasi hapa

Mwenzangu,

Salamu nyingi, na za wote hapo nyumbani. Sisi wazima, watoto wazima, goti langu tu ndilo lina maringo yake. Najua nimekaa kimya muda mrefu, na wewe vilevile, kwa hiyo tusidaiane. Nakuandikia kwa sababu kuna karatasi ya mkataba hapa mezani na siipendi.

Ni habari ya yule binti wetu wa riadha, uliyemwona akikimbia mita 800 peku huku wavulana wakihema nyuma yake. Ametimiza miaka 16. Sasa amejitokeza bwana mmoja, nadhifu, mwenye maneno laini, anasema kazi yake ni kuinua vipaji kutoka familia zisizojiweza. Viatu, ada ya shule, nauli ya mashindano, daktari, vyote juu yake. Baba mtu alikuwa ameshashika kalamu. Kocha ndiye aliyemwambia, "Mzee, hebu mwalimu aione kwanza," ndiyo ikanifikia.

Kurasa za mwanzo ni asali tupu. Ukifika katikati unakuta kifungu kinachosema bwana atachukua asilimia 30 ya zawadi zote na fedha zote za matangazo, kwa miaka 10, kuanzia siku binti atakapotimiza miaka 18. Kingine kinasema kila kilichotumika kwake kitahesabiwa kuwa deni endapo ataacha kukimbia "kwa sababu yoyote ile". Yoyote ile! Akivunjika mguu, anadaiwa. Akiolewa, anadaiwa. Akisema sasa anataka kusomea ufamasia, anadaiwa. Wewe ndiye msomi wa sheria, lakini hata mimi wa kufundisha hesabu naona huo ni mkopo uliovishwa kanzu ya msaada.

Tena usidhani namwona baba yake mjinga. Ana watoto wengine, na kila muhula ada inamkuta pale pale ilipomwacha. Mtu akija na ahadi ya kubeba mmoja wao, wewe ungemwuliza kifungu cha ngapi? Ndiyo maana siwezi kwenda kumwambia "usisaini" halafu nirudi kwangu nikalale. Nikimnyima hiki lazima niwe na kingine mkononi.

Ngoja nikusimulie jambo la viatu, maana tangu litokee sijakaa sawa. Mwanzoni mwa msimu tulimpatia raba mpya za mazoezi, zile alizonunua rafiki yetu wa benki. Baada ya muda naona binti anachechemea. Nikamwambia avue. Kisigino chote malengelenge, mengine yameshapasuka, na ndani ya raba kuna vitambaa vimeshindiliwa mbele. Mguu wake ni namba 38. Raba ni 41. Nikamwuliza, wewe si ndiye uliyetuandikia namba? Akanyamaza weee, mwisho akasema kaka yake anavaa 41. Yeye anazivaa asubuhi mazoezini, kaka anazivaa kwenda shule ya mchana. Wala hakulia. Alieleza kama mtu anayeeleza ratiba ya basi.

Sasa mtoto wa namna hiyo, anayegawa hata kiatu, mbele ya karatasi kama hii atasema hapana kwa nani?

Na kuna lingine, nilisema nisilitaje lakini acha nilitaje. Yule bwana alimtazama binti kuanzia juu hadi chini, akasema akipunguza kilo chache atapaa. Msichana anayekua! Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ililisemea jambo hili waziwazi tangu 2014: mwanamichezo anayekula pungufu kuliko anachotumia mwilini, hedhi inaweza kukatika, mifupa ikadhoofika, na nyufa ndogo zikaanza kujitokeza hasa miguuni. Nimeshaona wasichana wanaosema "ugoko unauma kidogo tu" na kumbe mfupa una ufa. Wakifadhiliwa ndiyo wanaficha zaidi, kwa kuogopa mfadhili akisikia maumivu atakata msaada. Unganisha hilo na kile kifungu cha "kwa sababu yoyote ile" uone kinachopikwa. Mkataba huu unamfundisha kukimbia na maumivu.

Nilikuwa nikilinganisha na wenzetu wa mpira wa miguu. Kule angalau FIFA imechora mistari. Mchezaji wa chini ya miaka 18 haruhusiwi kufungwa na mkataba wa kulipwa unaozidi miaka mitatu. Kuhama nchi kabla ya miaka 18 ni marufuku isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa. Na tangu Mei 2015 wamepiga marufuku mtu wa pembeni kumiliki kipande cha mauzo ya mchezaji. Hata yule aliyemlea chipukizi hakusahauliwa: mchezaji akiuzwa kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya fedha hugawiwa klabu zilizomfundisha kati ya miaka 12 na 23. Ona ilivyo, jasho la mlezi linalipwa na klabu inayonunua, halikatwi kwenye kikombe cha mtoto. Sisemi mpira ni pepo, mawakala wa ovyo wamejaa tele na watoto wanatelekezwa ugenini kila mwaka. Lakini mstari upo, mtu akiuvuka unaweza kumwonyesha.

Kocha yeye anashangaa kwa nini nakasirika. Anasema, "Mwalimu, kila aliyefika juu alishikwa mkono na mtu." Kweli kabisa, lakini kushikwa mkono kuna aina zake. Patrick Sang, mwenye medali ya fedha ya Olimpiki ya Barcelona 1992 katika mbio za kuruka viunzi na maji, alifuatwa na kijana wa jirani akiomba programu ya mazoezi. Akampa ya siku chache. Kijana akaimaliza, akarudi kuomba nyingine, akarudi tena. Kijana mwenyewe ni Eliud Kipchoge, bingwa wa dunia wa mita 5000 kule Paris 2003, akiwa na miaka 18. Mwaka 2022 alipokimbia marathoni ya Berlin kwa saa 2:01:09, rekodi ya dunia wakati huo, kocha wake alikuwa yule yule. Mtu habaki karibu miaka yote hiyo kwa kuogopa kudaiwa nauli.

Rafiki yetu wa benki naye ana ubaya wake, kutwa anataka picha. Lakini kila muhula swali lake la kwanza ni alama za darasani, muda wa uwanjani baadaye. Ningepata watatu wa aina yake, karatasi hii ningeifungia maandazi. Nimeanza kuwapigia watu: mmoja abebe ada tu, mwingine nauli, mwingine daktari, na ada ilipwe shuleni moja kwa moja. Wengi wanataka kusubiri kwanza ashinde. Akishinda atawahitaji kwa lipi?

Haya, maswali, na usiyajibu kwa "inategemea" kama kawaida yenu. Je, baba akisaini leo, binti akifika miaka 18 anaweza kukikataa kile kifungu cha asilimia? Deni la mtoto linaweza kumfuata mzazi? Tukimwandikia bwana karatasi yetu, ya mwaka mmoja mmoja, isiyo na deni, yenye kusema akiumia anatibiwa na shule inaendelea, unadhani ataikubali au ataaga siku hiyo hiyo? Na wewe mwenyewe, nikuhesabu kwenye nauli au kwenye ada? Au raba namba 38, na nyingine namba 41?

Bwana anarudi Jumamosi. Nipigie kabla ya hapo, hata usiku.

Wako,
Mwalimu

N.B. Kocha asijue nimekuandikia. Ataleta mkataba wake wa nyumba ya kupanga uusome bure.