Shukrani kwa kijana wa Mwanga, Kigoma

Mashine yangu ya kuchonga kwa leza ilikataa kabisa kuonekana kwenye LightBurn, programu ya kompyuta ninayoiendeshea, na oda ya ngao za mahafali ilikuwa inasubiri. Kijana mmoja hapa Mwanga akaacha kazi zake, akaja. Akabadilisha waya wa USB, maana ule uliokuwepo ulikuwa wa kuchajia tu, haupitishi data. Akaweka draiva ya CH340, programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kuwasiliana na mashine kwa USB, akafunga programu nyingine iliyokuwa imeishikilia poti (njia ya mawasiliano na mashine), kisha akachagua COM sahihi, yaani jina la poti hiyo, na kasi ya mawasiliano ya 115200 inayotumiwa na GRBL, programu iliyomo ndani ya mashine. Kichwa cha leza kikasogea!

Hela akakataa. Akachomoa kila kitu, akaniambia nirudie mwenyewe huku akinitazama. Wangapi hufundisha hivyo? Ahsante sana, mdogo wangu. Mwenye mashine kama hii, Ujiji au Gungu, akikwama aje dukani kwangu nimwelekeze bure.