Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Arusha: ripoti ya "imepita" isilipiwe

Ndugu Mganga Mkuu,

YAH: UPIMAJI WA HEWA YA THIETA (VYUMBA VYA UPASUAJI) NA VYUMBA SAFI VYA FAMASIA

Sisi ni mafundi wa vifaa tiba na wafamasia. Tunaomba ripoti ya hewa iliyoandikwa "imepita" bila namba isipokelewe, wala isilipiwe.

Kipimo cha bei nafuu kuliko vyote ni manomita ya ukutani, kifaa kinachoonyesha tofauti ya mgandamizo wa hewa, yenye mrija mmoja thietani na mwingine koridoni. Mlango ukifungwa, mgandamizo wa thieta uzidi wa korido kwa paskali 2.5 au zaidi. Chumba safi cha kuchanganyia dawa za sindano kizidi jirani yake kwa 5. Muuguzi aandike namba hiyo kila asubuhi kabla ya mgonjwa wa kwanza. Mshale ukilala kwenye sifuri, angalia kama mlango umewekewa kigingi, kisha chujio la awali: kiangazi, vumbi letu hulijaza upesi. Chumba cha dawa za saratani ni kinyume, hewa iingie isitoke, la sivyo mnawapulizia sumu walio koridoni.

Kosa linalojificha zaidi liko kwenye kasi ya hewa ya kabati la kuchanganyia dawa ndani ya chumba safi. Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu asilimia 15. Anemomita ya waya moto, yaani kipima kasi ya hewa, isiyorekebishwa kwa mwinuko husoma mita 0.38 kwa sekunde wakati kasi halisi ni 0.45. Fundi asiyejua huongeza feni, na mtiririko uliokuwa umetulia kabatini unavurugika. Yaani anaharibu kizima. Ripoti itaje mwinuko na hesabu ya marekebisho.

Ndani ya kabati, chembe za mikroni 0.5 na kuendelea zisizidi 3,520 kwa mita ya ujazo. Chumba kinacholizunguka, 352,000. Zikipanda ukingoni mwa chujio la HEPA (lile linalonasa chembe ndogo sana) tu, kagua kwanza gasketi, yaani utepe unaoziba mwanya kati ya chujio na fremu. Chujio jipya juu ya gasketi mbovu litavuja vilevile.

Kwa vijidudu thietani, sahani ya agari (chakula cha kuoteshea vijidudu) ya milimita 90 ikae wazi saa 1, mita 1 kutoka sakafuni na mita 1 kutoka ukutani. Ioteshwe nyuzi 30 hadi 35 kwa saa 48, halafu 20 hadi 25 kwa siku 5. Ukiruka hatua ya pili, ukungu unaoota ndani ya kiyoyozi cha ukutani unaweza usiuone. Na kiyoyozi hicho, tukumbuke, huzungusha hewa ileile tu.

Jenereta nazo zikaguliwe: umeme ukikatika, nyingine huwasha taa, feni ya hewa ikabaki imezimwa. Thieta inayobadilisha hewa mara 20 kwa saa huhitaji dakika 14 kuondoa asilimia 99 ya chembe, zikihesabiwa tangu feni iwake. Trei za vifaa zisifunuliwe kabla.

Tunaomba masharti haya yaingie kwenye mikataba ya matengenezo kabla ya Julai 1, pamoja na tarehe ambayo kila kifaa cha kupimia kilihakikiwa mara ya mwisho.

Wenu katika kazi,
Mafundi wa vifaa tiba na wafamasia, Arusha