Barua ya wazi kwa vijana mnaopima watelezaji kwa dhahabu moja

Kwenu vijana mnaofuatilia mchezo wa kuteleza kwenye barafu,

Salamu nyingi. Mimi ni mzee ambaye hajawahi kushindana katika mchezo huu hata siku moja, lakini nimeutazama tangu enzi za majaji kutoa alama ya juu kabisa ya 6.0, na nimekaa kimya vya kutosha nikiwasikiliza mkibishana. Kila mara jina la mtelezaji mkubwa likitajwa, hakosi mmoja wenu anayeuliza kama ana dhahabu ya Olimpiki, na akiambiwa hana, mjadala unafungwa hapo hapo kana kwamba hukumu imesomwa. Ninawaomba muache kulitumia swali hilo kama panga. Sisemi dhahabu ile ni kitu rahisi, wala simnyang'anyi yeyote aliyeivaa. Ninachosema ni kwamba medali hiyo hujibu swali dogo sana: katika juma moja la kila miaka minne, chini ya kanuni za mwaka ule, nani alikuwa mbele ya wenzake. Ukitaka kujua mtelezaji alikuwa nani, itakubidi kwanza ujue usiku ule aliulizwa nini.

Wengi wenu hamkuikuta michoro ya lazima, kwa hiyo niieleze. Mtelezaji alisimama kwenye barafu safi, isiyo na mkwaruzo, akachora duara kwa ukingo mmoja wa chuma cha kiatu, kisha la pili, mpaka mchoro ukatokea kama tarakimu 8, halafu akarudi kupita juu ya mstari ule ule. Alipoondoka, majaji waliingia kwa miguu, wakainama, wengine wakachuchumaa, wakichunguza kama mistari imepishana na kama chuma kiliyumba kutoka ukingo wa nje kwenda wa ndani. Hapakuwa na muziki, na watazamaji walikuwa wachache. Kazi hiyo ilichukua saa nyingi, na mwaka 1968 ilibeba asilimia 60 ya alama zote za mashindano.

Sasa mtazameni Emmerich Danzer wa Austria. Alikuwa bingwa wa dunia mwaka 1966, akarudia mwaka 1967, na akaenda kwenye Olimpiki ya Grenoble mwaka 1968 akiwa ndiye aliyetarajiwa kushinda. Katika programu ndefu, ile yenye muziki na miruko, aliongoza. Katika michoro alikuwa wa nne, na michoro ikamshika mguu. Akamaliza wa nne, bila medali ya aina yoyote, huku mwenzake wa Austria, Wolfgang Schwarz, akichukua dhahabu. Majuma machache baadaye, huko Geneva, Danzer alitwaa ubingwa wa dunia kwa mara ya tatu mfululizo. Kati ya Grenoble na Geneva hakuna mtu anayegeuka kutoka mshindwa kuwa bingwa. Toller Cranston wa Canada, ambaye pia alikuwa mchoraji wa picha na aliteleza kama mchoraji, alikutana na ukuta huo huo mwaka 1976 kwenye Olimpiki ya Innsbruck: wa saba katika michoro, na mwishowe shaba. Mikono yake na mgongo wake viliwafundisha wanaume waliomfuata kwamba mwili mzima una haki ya kusikiliza muziki. Michoro iliondolewa katika mashindano ya kimataifa baada ya mwaka 1990, na sidhani kama kuna anayeililia, ingawa mimi binafsi ninaamini watelezaji wa zamani walikuwa na kingo safi zaidi kwa sababu yake.

Wengine walikosana na kalenda tu. Donald Jackson wa Canada alipata shaba ya Olimpiki mwaka 1960 akiwa na umri wa miaka 19. Miaka miwili baadaye, huko Prague, alikuwa wa kwanza kutua mruko uitwao lutzi wa mizunguko mitatu katika Mashindano ya Dunia, akapewa alama ya 6.0 mara saba, akampita Karol Divín wa Chekoslovakia aliyekuwa amemwacha mbali kwenye michoro. Ila mwaka 1962 haukuwa na Olimpiki, na Jackson akaenda kuteleza kwenye maonyesho ya kulipwa.

Nikitakiwa kuchagua mtu mmoja wa kuwasimulia, nitamchagua Brian Orser wa Canada. Mwaka 1984 huko Sarajevo alikuwa wa kwanza kutua mruko uitwao akseli wa mizunguko mitatu na nusu kwenye Olimpiki, akashinda programu fupi, ile yenye miruko iliyowekwa na kanuni, akashinda na ndefu, na bado akapata fedha kwa sababu katika michoro alikuwa wa saba. Scott Hamilton wa Marekani aliyemshinda hakufanya kosa lolote. Alichora vizuri zaidi, basi. Orser akasubiri miaka minne. Mwaka 1987 akawa bingwa wa dunia, na mwaka 1988 Olimpiki ikaja Calgary, nchini kwake, naye ndiye aliyebeba bendera siku ya ufunguzi. Mpinzani wake alikuwa Brian Boitano wa Marekani, ndiyo maana watu wakauita mpambano wa akina Brian. Boitano aliteleza kwanza na karibu hakukosea. Orser alitua vibaya kidogo katika mruko mmoja, na mwishoni, pale alipopanga akseli ya pili ya mizunguko mitatu na nusu, akapunguza mzunguko mmoja. Majaji watano walimpa Boitano, wanne walimpa Orser. Jaji mmoja angegeuka, leo mngekuwa mnawasimulia wadogo zenu habari nyingine kabisa, na Orser asingekuwa ameteleza vizuri zaidi wala vibaya zaidi ya alivyoteleza.

Hapa ni lazima nikiri kosa langu, maana siwezi kuwashauri huku nikijifanya mimi sijawahi kuwa kama ninyi. Nilimpenda Kurt Browning kupita watelezaji wote. Mwaka 1988 alimaliza wa nane Calgary, na mwezi uliofuata, huko Budapest, akatua mruko wa mizunguko minne, wa kwanza kutambuliwa rasmi katika historia. Akawa bingwa wa dunia mwaka 1989, 1990, 1991 na 1993. Katikati ya hapo, mwaka 1992 kwenye Olimpiki ya Albertville, mgongo ulimsumbua na akawa wa sita. Alipofika kwenye Olimpiki ya Lillehammer mwaka 1994, tena akiwa mbeba bendera wa Canada, niliamini zamu yake imefika. Katika programu fupi alikosea miruko akaangukia nafasi ya 12. Nilizima televisheni kwa hasira, nikatangaza mbele ya nyumba nzima kwamba mtu huyu hana moyo wa Olimpiki, na siku ya programu ndefu sikuiwasha. Baadaye ndipo nikasikia kwamba alirudi na kupanda mpaka nafasi ya tano. Mtu ambaye hana tena medali ya kutafuta, na dunia nzima imemwona akianguka, alivaa viatu vyake akaingia tena barafuni. Mimi, shabiki wake mkubwa, sikuwepo. Kila mnapoandika kwamba fulani ni dhaifu wa roho, mimi hukumbuka kile kitufe cha televisheni.

Elvis Stojko nitampitia haraka, kwa kuwa habari yake inajieleza. Alikuwa bingwa wa dunia mara tatu, na ana fedha mbili za Olimpiki, ya mwaka 1994 na ya mwaka 1998. Ile ya pili, huko Nagano, aliipata akiwa na jeraha la kinena. Alimaliza programu ndefu akiwa amejikunja kwa maumivu, na kwenye jukwaa la washindi alipanda na raba za kawaida, kwa sababu viatu vya kutelezea havikuvalika tena.

Msidhani ninataka kumtetea kila mtu. Patrick Chan alikuwa bingwa wa dunia mwaka 2011, 2012 na 2013, na kwa kingo na mwendo sijaona wengi waliomkaribia. Kwenye Olimpiki ya Sochi mwaka 2014, Yuzuru Hanyu wa Japani alianguka katika programu ndefu na kumwachia mlango wazi. Chan naye akaingia akakosea, akakosa dhahabu kwa alama 4.47. Pale hakuna michoro ya kulaumiwa, wala jaji, wala jeraha. Usiku ule hakuteleza vizuri, na hilo linaweza kusemwa bila kulivunja jina lake. (Wale wenye kupenda usahihi wataniambia kwamba alipata dhahabu ya timu mwaka 2018. Ni kweli, ila mimi ninazungumzia dhahabu ya mtu mmoja mmoja, ambayo hakuna mwanamume wa Canada aliyeipata, na hilo katika nchi yenye Orser, Browning, Stojko na Chan.)

Usiku huo huo wa Sochi ulikuwa na habari nyingine iliyonigusa zaidi. Kocha wa Hanyu alikuwa Brian Orser. Kocha wa Javier Fernández wa Uhispania alikuwa Orser huyo huyo, aliyekuwa akibadilisha koti la timu kulingana na mwanafunzi anayeingia barafuni. Hanyu alichukua dhahabu. Fernández aliweka katika programu yake mruko wa marudio ambao kanuni haziruhusu, ukahesabiwa sifuri, akakosa shaba kwa alama 1.18. Kijana yule hakuchukia mchezo: alikuwa bingwa wa dunia mwaka 2015 na 2016, na mwaka 2018 akapata shaba ya Olimpiki, medali ya kwanza ya Uhispania katika mchezo huu.

Ushauri wangu ni mdogo. Kabla hamjamwita mtu mshindwa, tafuteni programu yake nzima muitazame mpaka mwisho, kisha muulize kanuni za mwaka ule zilihesabu nini. Mkimaliza, tafuteni picha za Vancouver za mwaka 2010, siku Yuna Kim wa Korea Kusini aliposhinda dhahabu katika ardhi ya Canada. Msimwangalie Yuna peke yake. Mwangalieni mwanamume aliyesimama nyuma ya ukuta wa uwanja, ambaye kila mwanafunzi wake anaporuka naye anaruka pale alipo. Huyo ni Orser, miaka 22 baada ya Calgary.

Ni mimi mzee wenu.