Risala ya Klabu ya Mazingira kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Maonyesho ya Sayansi

Ndugu mgeni rasmi, Afisa Kilimo wa Wilaya yetu ya Kondoa. Mkuu wa Shule, walimu, wazazi wetu na wanafunzi wenzetu, karibuni sana.

Mbele yako, ndugu mgeni rasmi, zipo chupa tatu za plastiki za kuonyesha jinsi mvua inavyomomonyoa udongo, zilizokatwa ubavuni na kulazwa kwa mwinamo juu ya matofali. Udongo uliomo ni uleule, mwekundu wenye mchanga, tuliouchota kwenye mteremko wa nyuma ya bwalo. Chupa ya kwanza ina udongo mtupu. Ya pili tuliweka matandazo ya mabua ya mahindi. Ya tatu tulipanda fiwi, mmea wa jamii ya kunde, tukangoja mpaka majani yakafunika udongo wote. Kisha tukazinyeshea kiasi sawa cha maji kwa kopo lililotobolewa kwa msumari.

Tunaomba uvitazame vikombe vilivyokinga maji. Cha udongo mtupu kilijaa haraka, na maji yake ni mazito kama uji wa ulezi. Cha matandazo kina maji ya rangi hafifu. Cha fiwi kilichelewa kupata hata tone, na yaliyotoka ni karibu meupe. Mengine yalizama chini, kwenye mizizi.

Tone la mvua likipiga udongo ulio wazi hupasua mabonge, vumbi laini likaziba vinyweleo vya ardhi, maji yakakosa pa kuingia, yakatelemka na rutuba. Jani hulipunguzia tone hilo nguvu, nayo mizizi huushika udongo. Mashamba yetu huwa wazi hasa mvua za kwanza zinapoanza, mwishoni mwa mwaka, mahindi yakiwa bado hayajaota. Hapo ndipo tunapopoteza zaidi.

Wazee wetu wanayajua makorongo ya milima ya Irangi. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kwenye eneo lililoharibika ili majani yaote tena. Yaliota. Lakini kwa wafugaji ile ilikuwa gharama kubwa, na sisi tungependa ardhi ilindwe kabla haijafika huko.

Fiwi huvumilia ukame, hurudisha ardhini naitrojeni, kirutubisho cha mimea, na tunakula mbegu zake na majani pia. Kikwazo ni kwamba baada ya mavuno ng'ombe na mbuzi huachiwa mashambani, wakamaliza kila kilicho kijani.

Kwa hiyo tuna maombi mawili. Kwanza, tupatiwe mbegu za fiwi za kupanda mteremko wote wa nyuma ya bwalo kabla ya msimu ujao. Pili, ofisi yako ikae na serikali za vijiji na wafugaji wenyewe, wakubaliane sheria ndogo ya malisho baada ya mavuno, pamoja na mahali mifugo itakapolishwa.

Ndugu mgeni rasmi, tunaomba kuwasilisha.