Barua kwa mwalimu mwenzangu anayetaka kuishi kwa kalamu

Dar es Salaam,
14 Juni 2025

Mwalimu mwenzangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie wewe, shemeji na watoto. Sisi huku hatujambo. Barua yako niliipokea wiki iliyopita, nikaisoma mara mbili ndani ya daladala na mara ya tatu nyumbani usiku, kwa sababu swali ulilouliza si la kujibiwa kwa simu. Unasema umetimiza miaka 55, umekwishaomba kustaafu kwa hiari, na kila anayekutembelea anakushauri ununue bodaboda mbili au ufungue duka la rejareja, ilhali moyo wako uko kwenye kalamu. Unauliza kama kipaji cha kuwashawishi watu kwa maandishi kinaweza kumlisha mtu aliyefundisha Kiswahili maisha yake yote. Kinaweza. Mimi kinanilisha mwaka wa nane sasa. Hata hivyo yapo mambo ambayo ningependa uyajue kabla hujaanza, maana mimi niliyajua kwa hasara, na baadhi yake hasara hiyo waliilipa watu wengine.

Kwanza nikukumbushe kwamba kazi hii ulinifundisha wewe. Elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, madarasa yetu yalifurika, madawati hayakutosha, na michango ya lazima ilikuwa imekatazwa. Mkuu wetu alibandika tangazo lenye maneno kama "mnatakiwa" na "bila kukosa", wazazi wakalisoma, wakaenda zao. Ndipo ukaomba uandike wewe. Hukuandika habari za maendeleo ya taifa wala umuhimu wa elimu, mambo ambayo mzazi yule alikuwa ameyasikia tangu yeye mwenyewe akiwa mtoto. Uliwapa wanafunzi wa Kidato cha Kwanza barua wainakili kwa mikono yao, na sentensi yake ya kwanza ilimwambia mzazi kwamba mwandiko huu umepinda kwa sababu mwanao ameuandika akiwa amekaa sakafuni, daftari likiwa pajani. Kisha hukuomba fedha. Uliomba mwenye mbao alete ubao mmoja, fundi seremala atoe Jumamosi moja, na asiye na chochote aje kushika mbao wakati wa kukata. Ukataja saa, ukataja na mwembe ambao watu wangekutana chini yake. Jumamosi ile walikuja watu wengi kuliko waliowahi kufika kwenye kikao chochote cha wazazi nilichokishuhudia pale.

Nimeirudia barua ile kichwani mara nyingi kuliko maandishi mengine yoyote, kwa kuwa yote ninayolipwa kuyafanya leo yalikuwamo. Ilimhusu msomaji mmoja na wala si umati. Ushahidi wake ulikuwa mkononi mwa msomaji, hakuhitaji kumwamini mtu. Ilimwondolea kizuizi kilichokuwa mbele yake, yaani kukosa fedha taslimu, na ilimwambia wazi afanye nini, wapi na saa ngapi. Lugha yake ilikuwa nyepesi kiasi kwamba mkuu alisikitika kuwa haina hadhi ya ofisi.

Nilipoacha kazi mwaka 2017 nikaja huku, niliyasahau yote hayo. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kipeperushi cha muuzaji wa mbegu za mahindi, kwa malipo ya shilingi 30,000. Nikajifungia chumbani siku tatu nikatoka na maandishi yenye takriri, tashihisi na methali mbili, maandishi ambayo ningempa mwanafunzi alama zote. Mteja alilipa kwa adabu, akavichapisha, na baada ya mwezi mmoja akaniambia kwamba bado ana mabunda ya vipeperushi dukani na bado ana magunia ya mbegu. Sikujitetea. Nilimwomba ruhusa ya kukaa kwenye benchi la duka la pembejeo anakopeleka mzigo wake, nje kidogo ya mji wa Morogoro, nikakaa siku mbili kwa nauli yangu mwenyewe, nikiandika kila swali lililotoka kinywani mwa mkulima. Hakuna aliyeuliza kama mbegu ile ni fahari ya shamba. Waliuliza inakomaa kwa siku ngapi, mvua ikikatika mapema itakuwaje, ekari moja inahitaji pakiti ngapi za kilo mbili, na zaidi ya yote waliuliza watajuaje kwamba si mahindi ya kula yaliyopakwa rangi. Kipeperushi cha pili kilikuwa majibu ya maswali hayo kwa mpangilio uleule yalivyoulizwa, na nusu ya ukurasa ilieleza namna ya kukagua lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, kabla ya kufungua pakiti. Kilikwisha kabla ya vuli.

Baadaye nilipoanza kusoma historia ya kazi hii, nilikuta kwamba jambo nililolipata kwenye benchi lile ni la zamani. David Ogilvy, Mwingereza aliyewahi kuwa mpishi wa hoteli mjini Paris na muuzaji wa majiko nyumba kwa nyumba huko Uskoti, alifungua kampuni yake ya matangazo New York mwaka 1948, naye hakuwa amesomea kazi hiyo. Tangazo lake la gari la Rolls-Royce la mwaka 1958 linakumbukwa hadi leo kwa sentensi moja inayosema kwamba gari likienda maili 60 kwa saa, kelele kubwa kuliko zote ndani yake ni ya saa ya umeme. Sentensi ile hakuitunga kutoka hewani. Ilikuwa maelezo ya mhariri wa ufundi wa gazeti la magari, na Ogilvy aliyapata kwa kusoma alichoandikiwa kuhusu gari lile mpaka akakutana nayo. Kwa hiyo, Mwalimu, ukijikuta umekaa mbele ya karatasi tupu ukitafuta maneno, ujue hujamaliza kuuliza. Inuka urudi kwa watu.

Usiogope kwamba Kiswahili chako ni cha darasani. Kitakufaa sana, ila sehemu itakayokufaa si ile unayoidhani. Ujumbe mfupi wa simu una herufi 160 tu, nafasi zikihesabiwa, na ukizidisha herufi moja mteja analipia jumbe mbili. Hapo ndipo sarufi inapogeuka fedha, kwa kuwa kitenzi chetu kimoja kinabeba mtenda, wakati, ukanushi na mtendwa. "Hatutakuchelewesha" ni neno zima lenye ahadi ndani yake. Wauzaji wa kanga walilijua jambo hili zamani kabla yetu, maana mnunuzi wa kanga hulisoma jina kabla hajauliza bei, na jina lenyewe huwa maneno machache sana. Na kwa kuwa tunazungumzia herufi, chukua onyo hili ambalo hutalipata kwa mwalimu yeyote. Niliwahi kumwandikia muuzaji wa vyakula vya mifugo ujumbe wa kupelekwa kwa wafugaji 4,000. Nilihesabu herufi 150, nikafurahi. Lakini programu ya kuandikia ilikuwa imeipinda ritifaa ya neno "ng'ombe", na alama hiyo iliyopinda haimo katika herufi za kawaida za simu. Ikitokea hata mara moja tu, ukomo unashuka kutoka herufi 160 hadi 70, na ujumbe unakatwa vipande. Mteja alitozwa mara tatu. Nilimrudishia tofauti kutoka mfukoni mwangu kwa miezi miwili, na tangu siku hiyo kila ritifaa naiandika upya kwa mkono, iwe iliyonyooka.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike barua ndefu badala ya kukupigia. Mwaka 2022 nilipata kazi ya kuandika jumbe za kampuni ya mikopo ya simu. Malipo yalikuwa mazuri kuliko yote niliyowahi kuyapata, nami nikafanya kama ulivyonifundisha. Nilikaa sokoni na akina mama lishe, nikasikiliza, nikagundua kwamba kinachowaumiza si kukosa mtaji mkubwa, bali ni ile asubuhi ambayo fedha ya mchele na mafuta imeishia hospitalini au shuleni. Nikaandika ujumbe uliomkuta mama asubuhi hiyohiyo, kwa maneno yake mwenyewe. Walikopa. Riba sikuiandika, kwa sababu mteja alisema ipo kwenye masharti. Mmoja wa waliokopa alikuwa jirani yangu, mama anayetuuzia chapati asubuhi, naye alinionyesha ujumbe wangu kwenye simu yake bila kujua nani kauandika, akaniambia, "Walinijua kabisa hali yangu." Ndani ya miezi mitano deni lilikuwa limezaa, ndugu na wateja wake waliokuwa kwenye simu yake walikuwa wanapigiwa na kuambiwa yeye ni tapeli, na friji aliyokuwa akiuzia maji na juisi iliuzwa. Nilimweleza ukweli mwaka uliofuata. Hakunitukana, alinyamaza tu, na chapati anatuuzia mpaka leo.

Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilipotangaza orodha ya programu 69 za mikopo zinazoendeshwa bila leseni, watu walishangilia kwamba kausha damu wa kwenye simu, yaani wakopeshaji wa riba za kunyonya, wamepatikana. Mimi sikuweza kushangilia. Yale yaliyokusanya mbao chini ya mwembe ndiyo yaliyouza friji ya jirani yangu: kusikiliza kulekule, lugha ileile nyepesi, msomaji mmoja yuleyule. Tofauti ilikuwa kwamba wewe uliweka ushahidi mkononi mwa mzazi, na mimi niliuficha kwenye masharti. Sasa kabla sijapokea kazi naomba kuona bei yote, riba yote na kibali, na jambo ambalo mteja hataki liandikwe ndilo ninaloliuliza kwanza. Mwaka huu nimekataa dawa inayodaiwa kuponya kisukari kwa wiki tatu. Kodi ya nyumba mwezi ule niliilipa kwa kuchelewa, na mke wangu, ambaye anaijua habari ya friji, hakulalamika.

Kuhusu mahali pa kuanzia, usianze na kampuni kubwa za huku. Anza na watu unaowajua na wanaokujua. Unazo shule binafsi zinazotafuta wanafunzi kila Desemba kwa mabango yasiyomwambia mzazi chochote zaidi ya kwamba mazingira ni tulivu. Tena vipo vikundi vinavyoomba mikopo ya halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani inayogawanywa 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, iliyosimamishwa mwaka 2023 ikarudishwa mwaka 2024. Vikundi vingi vina kazi ya kweli, lakini maandiko yao ya mradi yamenakiliwa kutoka kwa kikundi kingine, hata idadi ya kuku ni ileile. Wewe unaweza kukaa na akina mama wa cherehani, ukahesabu nao sare walizoshona mwaka jana na vitambaa vilivyobaki, ukaandika andiko ambalo afisa maendeleo ya jamii atakuta linafanana na chumba alichokitembelea. Usilipwe kwa asilimia ya mkopo, kwa maana siku hiyohiyo mkono wako utaanza kuongeza tarakimu. Taja bei moja ya kazi, pokea nusu kabla ya kuandika, na iandike bei hiyo hata kama ni kwa ndugu. Wapo watakaokuambia kwamba ni maneno tu. Usibishane nao, waonyeshe kazi.

Namba ya mlipakodi chukua mapema, na jina la biashara lisajiliwe BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, kwa sababu shule na taasisi hazitakulipa bila risiti. Kiinua mgongo usikiguse. Kompyuta iliyotumika inatosha, na kwa miezi sita ya mwanzo hata daftari na simu yako vinatosha. Mimi mapato ya mwaka wangu wa kwanza hayakufika nusu ya mshahara wa ualimu, nami sikuwa na pensheni ya kuniegemeza. Wewe utakuwa nayo, na hiyo ndiyo itakupa nguvu ya kukataa kazi ambazo mimi sikuzikataa.

Nina maombi mawili. La kwanza, muulize shemeji kama bado anayo nakala ya barua ya madawati. Alikuwa ameihifadhi kwenye bahasha pamoja na vyeti vya watoto. Ukiipata, ipige picha unitumie, pamoja na mwandiko wake uliopinda. La pili, kabla hujaandika neno lolote la kibiashara, nenda kwa akina mama wa cherehani walio karibu na stendi ya Korogwe, ukae nao siku nzima bila kuwaahidi kitu, kisha uniandikie maswali kumi ambayo wateja wao waliyauliza, kwa maneno yao, bila kuyasahihisha sarufi. Ukija Julai njoo na daftari hilo. Shuka kituo cha Magufuli, Mbezi, nitakuwa pale kukupokea.

Ni mimi rafiki yako,
mwalimu mwenzako wa zamani